Walter Kajivua Gamba Kwapani Mwangu

Mwenzangu tunayeishi naye hapa Minneapolis alikwenda kwao likizo ya Krismasi, akaniachia chatu wake, Walter. Si wale chatu wa kumeza mbuzi. Ni wale wafupi wa Afrika Magharibi, mita moja na ushee, akiingiwa na woga anajiviringa donge na kuficha kichwa katikati. Wengi huuzwa nje kutoka Ghana, Togo na Benin, kwa hiyo nilimhesabu Mwafrika mwenzangu aliyebahatika viza.

Akasusa panya. Macho yakafanya ukungu wa buluu: gamba linataka kutoka. Lakini hita za huku zinakausha hewa balaa. Midomo yangu imepasuka, na gamba la Walter nalo linabanduka vipande vipande, lingine limeng'ang'ania kichwani na mkiani. Hata CCM ilipotangaza kujivua gamba mwaka 2011 haikuhangaika hivi.

Nikampigia mwenyewe. "Muogeshe maji ya uvuguvugu, gamba usilivute. Machoni usiguse kabisa!" Kumbe nyoka hana kope, jicho limefunikwa na kigamba chake, nacho hutoka pamoja na ngozi. Na mkiani ikibaki pete ya ngozi kavu, inabana damu mpaka ncha inakufa.

Nikamtia kwenye beseni. Hata hajatulia, akanya. Mzigo wa wiki nzima, jamani! Nikamnyanyua chapuchapu nimwage maji, naye akauona mkono wa sweta langu la sufu, umelowa, una joto. Akazama.

Nikabaki nimekaa juu ya choo, mkono nimeunyoosha, Walter anapanda taratibu huku anajisugua kwenye sufu. Kufika kwapani, mtekenyo wake sikuombei. Simu ikaita: mama, kwa video, kutoka Tanga. Usipopokea ya mama, anaamsha ukoo mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekaa kama umeteguka?"

"Nimelalia mkono."

"Na hapo shingoni?"

Walter alikuwa amechomoza kwenye kola, mpya, anang'aa, akatoa ulimi kumsalimia. Mama akakata simu.

Nilipovua sweta nikalikuta gamba lote lililosalia ndani ya mkono, limepinduka kama soksi, na vigamba viwili vya macho na ncha ya mkia vimo. Nilikuwa bado nalishangaa, simu ikaita tena. Baba mdogo, na nyuma yake mama kajitanda khanga mpaka puani.

"Hebu tuambie ukweli, mwanangu. Huko Marekani unasomea nini hasa?"

"Uhasibu, baba," nikajibu, Walter begani.