Majibu ya kinyama kilichonyofolewa tumboni yakisema "hakuna saratani"

Mama mmoja jirani yetu hapa Tukuyu alirudi kutoka Mbeya mjini na karatasi ya majibu ya biopsi, yaani kipimo cha vipande vilivyonyofolewa kwenye kidonda chake cha tumbo, inayosema hakuna seli za saratani. Tukamshukuru Mungu. Nilipoisoma mara ya pili nikaona mstari mfupi: vipande 2. Viwili tu kutoka kwenye kidonda kizima, kila kimoja kama punje ya ulezi.

Wanaoiamini biopsi wana hoja nzito. Saratani ya tumbo ikiwa changa huwa ni doa jekundu au kibonde kidogo ukutani mwa tumbo, na jicho peke yake, hata la daktari mzoefu, haliwezi kuapa. Mpatholojia, daktari anayechunguza vipande hivyo, akishaziona seli za saratani kwenye hadubini, ni nadra awe amekosea. Na kuwahi kuna faida kubwa: Japani, saratani iliyokamatwa ikiwa bado kwenye tabaka mbili za ndani, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye.

Mashaka yangu yako kwenye jibu la "hakuna". Koleo la endoskopi, ule mpira wenye kamera unaomezwa hadi tumboni, hung'oa milimita 2 au 3 tu. Likidonoa katikati ya kidonda huokota uchafu na seli zilizokufa, wakati saratani imejificha ukingoni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1982 ulionyesha kuwa kipande kimoja kiliibaini saratani ya tumbo kwa asilimia 70. Vipande 7, asilimia 98. Hapo ni saratani za tumbo kwa jumla. Doa changa lenye upana wa ukucha halina huruma hiyo.

Japani mara nyingi huliondoa doa zima kwa endoskopi na kulichunguza lote, na wakati mwingine hukuta ugonjwa mbaya kuliko vile vipande vilivyosema. Ni njia nzuri, ila inataka mikono na vifaa ambavyo kwetu ni vya kutafuta kwa tochi.

Basi kwa nini tusichukue vipande 6 hadi 8 kila mara? Wapo wanaohofia damu, wapo wanaolalamikia muda na mzigo kwa wapatholojia wachache tulionao. Hoja ya mzigo naielewa. Ya muda hainiingii: vipande vya kidonda kimoja huingia chupa moja ya fomalini, dawa ya kuvihifadhi, na vinne vya ziada ni dakika chache mgonjwa akiwa bado kitandani. Kinachomuumiza mgonjwa ni kurudi: nauli, na siku nzima bila biashara.

Lakini kidonda cha tumbo chenye kutia shaka hurudiwa kuangaliwa, kwa kawaida baada ya wiki 8 hadi 12 za dawa, hata kama maumivu yameisha. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, hutuliza hata kidonda chenye saratani, na juu kinaweza kufunga kabisa.

Nilipomweleza mama alicheka. "Mwanangu, tumbo limetulia, nikameze tena ule mpira wa nini?"

Alienda wiki iliyopita. Safari hii vipande 6. Majibu bado.