Katizo Lisilo na Mwenyewe: irqpoll ni Tiba au Kificho?

Katika saiba moja ya Kondele, hapa Kisumu, kompyuta ya mitumba inayotumia Linux ilianza kusumbua kila ifikapo alasiri: kipanya kilirukaruka na kurasa za intaneti zilifunguka kwa mwendo wa kobe. Kumbukumbu za kiini cha mfumo zilikuwa na ujumbe ambao mafundi wengi wameshakutana nao, "irq 16: nobody cared", yaani hakuna aliyejali, ukifuatwa na taarifa kwamba laini namba 16, mojawapo ya njia ambazo vifaa hupitishia ishara zao kwa prosesa, imezimwa. Ujumbe huo huo hupendekeza mashine iwashwe upya kwa chaguo la irqpoll, neno linaloongezwa kwenye mipangilio ya kuwashia mfumo. Hapo ndipo tulipotofautiana mafundi wawili tulioitwa: mwenzangu alitaka neno hilo liongezwe kazi iendelee, nami nilitaka chanzo kitafutwe kwanza.

Katizo ni ishara ambayo kifaa huipelekea prosesa ili iache ilichokuwa ikifanya na kukihudumia. Kwenye PCI ya zamani, yaani mfumo wa kuunganisha kadi na bodi kuu, vifaa kadhaa huweza kutumia laini moja, kama ploti ya Nyalenda yenye wapangaji kumi na lango moja: mgeni akibisha, kila mpangaji huchungulia aone kama ni wake. Kiini nacho huziita draiva zote, yaani programu zinazoendesha vifaa, zilizojiandikisha kwenye laini hiyo, na kila draiva hujibu ama kwamba kifaa chake ndicho kilichoita, ama kwamba sicho. Zikikana zote, mgeni haendi zake, kwa sababu kifaa huishikilia laini mpaka kihudumiwe. Prosesa ikimaliza tu kuulizia, inakatizwa tena papo hapo, bila kikomo. Ndiyo maana Linux huhesabu. Katika kila makatizo 100,000, zaidi ya 99,900 yakikosa mwenyewe, laini huzimwa.

Wapo wanaoulaumu uamuzi huo kwa kuwa huwaadhibu wasio na hatia, na lawama hiyo ina uzito. Kipanya cha saiba ile hakikuwa na kasoro yoyote. Kosa lake lilikuwa kupanga lango moja na mkorofi. Baada ya kuzima, kiini huendelea kuichungulia laini hiyo takriban mara 10 kwa sekunde, jambo linaloeleza kwa nini kipanya kiliruka badala ya kufa kabisa. Hata hivyo, kwa anayeona ukaguzi huu unakera, lipo chaguo la noirqdebug linalouondoa, na malipo yake ni kwamba siku dhoruba ya makatizo itakapozuka, mashine nzima inaweza kuganda bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Mimi naona heri kipanya kinachoruka.

Suala la irqpoll ni gumu zaidi. Chaguo hili hukifanya kiini, kila katizo linapokosa mwenyewe na pia kila saa ya mfumo inapogonga, kizipitie draiva za laini nyingine kuona kama kuna kifaa kilichoita kupitia laini isiyo yake. Ikiwa kosa ni la BIOS, programu ya bodi kuu inayoiandaa mashine inapowaka, iliyoeleza vibaya kifaa kipi kiko kwenye laini ipi, hiyo inaweza kuwa tiba halisi. Ikiwa kosa ni la kifaa kinachong'ang'ania laini bila sababu, hapo ni kupaka rangi ukuta wenye ufa, tena kwa gharama ya muda wa prosesa. Lakini mwenzangu alikuwa na hoja ambayo sikuweza kuipangua: ilikuwa tarehe 19 Juni, wateja walikuwa wamepanga foleni kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya tarehe 30, na mwenye saiba hakuwa na mashine ya akiba. Tuliweka irqpoll. Mashine ilivuka mwezi.

Julai nilirudi, nikaliondoa neno hilo kwenye /etc/default/grub, faili la mipangilio ya kuwashia, nikaendesha update-grub ili badiliko lishike, kisha nikafungua /proc/interrupts, penye hesabu ya makatizo ya kila laini. Faili hilo lilistahili kusomwa siku ya kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Mstari wa 16 ulikuwa na majina mawili, kidhibiti cha USB na kadi ya mtandao iliyoongezwa kwenye nafasi ya PCI, na hesabu yake ilipanda hata hakuna aliyegusa kitu. Nilipoichomoa kadi, hesabu ikatulia. Kadi hiyo hiyo ilifanya kazi wiki mbili kwenye mashine nyingine bila lalamiko, kwa hiyo shaka yangu ikahamia kwenye chipu inayounganisha PCI na mrithi wake, PCI Express, kwenye bodi kuu, kitu ambacho hakibadilishwi kwa bisibisi. Tulinunua kadi ya PCI Express inayotumia MSI, ambapo kifaa huandika ujumbe kwenye anwani ya kumbukumbu badala ya kuvuta laini ya pamoja. Ikapata mstari wake peke yake, na namba 16 ikabaki na USB tu.

Nilipokuwa nikifunga vifaa, nilizikagua mashine nyingine tano za saiba ile. Nne zilikuwa na irqpoll, na hakuna hata moja kati yake iliyowahi kuandika ujumbe wa laini kuzimwa. Mwenye saiba aliniambia kijana wake aliona imesaidia ile moja, akaona aziwekee zote.