Usiwaache Wamalizane: Samaki Mgeni Kwenye Tangi Lenye Wababe

Kila anapotokea mwenye tangi la maji ya chumvi akalalamika kwamba samaki wake mpya anapigwa na wenyeji, hutokea pia wa kumjibu: waache wamalizane wenyewe, siku mbili tatu watazoeana. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na mara nyingine hata hufaulu, ndiyo maana bado unaaminika. Mimi siukubali. Naamini umeua samaki wengi wazima ambao kosa lao lilikuwa moja tu, kufika wa mwisho.

Tuanzie baharini. Kwenye miamba ya matumbawe samaki hufukuzana mchana kutwa. Kangaja mwenye mistari, Acanthurus lineatus, ana kipande chake cha mwamba anakolisha mwani, na anayesogea hapo kutafuta chakula hukimbizwa. Lakini tazama kinachofuata. Aliyekimbizwa huogelea mita kadhaa, akavuka mpaka, na ugomvi ukaishia hapo. Mwenye eneo hana shida ya kuua; anachotaka ni mwenzake aondoke. Sasa hamishia kisa hicho kwenye tangi la lita 400. Mgeni anakimbilia kona, na kona nayo ni eneo la yule yule. Anapanda juu karibu na uso wa maji, huko nako anafuatwa. Machoni pa mwenyeji, mvamizi ameshaambiwa aondoke mara mia na bado yupo, kwa hiyo kipigo kinaendelea. Ubabe tunaouona nyuma ya kioo ni tabia ya kawaida ya mwambani iliyokosa mlango wa kutokea.

Ukilielewa hilo, kusema "watamalizana" kunapoteza maana. Njia yao ya kumalizana ni mmoja kuondoka, na sisi ndio tuliomfungia.

Silaha nazo si za mchezo. Kangaja ana mwiba wenye makali kila upande wa shina la mkia, na pigo moja la ubavuni huweza kumchana mwenzake magamba na nyama. Kikande ana meno ya kuvunja kome na kaa. Kikande mwenye mistari ya rangi ya chungwa, Balistapus undulatus, akiamua kumwandama mwenzake hatosheki na kung'ata mapezi. Hata wadogo wasidharauliwe. Damseli wa sentimita saba anayeishi peke yake kwenye pango lake kwa mwaka mzima anaweza kumsumbua samaki aliyemzidi mara tatu mpaka akaacha kula. Naona ajabu bado watu wanauziwa damseli wa madoa matatu, Dascyllus trimaculatus, kama samaki wa kuanzia kwa sababu ni mgumu hafi ovyo. Ugumu huo huo ndio utakaomfanya atawale tangi, na kila atakayefuata ataingia kwa idhini yake.

Nani atampiga nani? Hapa kuna kanuni ambayo haijanidanganya sana: mwenyeji humchukia zaidi anayefanana naye. Kufanana kwa jamii kunatangulia, halafu umbo, halafu rangi, halafu chakula. Kangaja wa manjano, Zebrasoma flavescens, anaweza kumpuuza kabisa samaki mrefu mwembamba anayekula vijidudu majini, kisha akamvaa kangaja mwingine mara tu anapomwona. Samaki wa anemoni, wale wanaoishi ndani ya mnyama wa baharini aitwaye anemoni, nao wana yao. Wote huzaliwa dume, na mkubwa wa kundi ndiye anayegeuka jike na kushika utawala. Akishageuka harudi tena kuwa dume. Ukileta jike mzima mahali penye jike mzima, fahali wawili hawakai zizi moja, na hapo hakuna mbinu itakayokusaidia. Leta mdogo ambaye bado hajageuka.

Kwa sababu hiyo mpangilio wa kuwaingiza ni jambo la kufikiriwa kabla tangi halijajaa: wapole watangulie, wababe waje mwisho. Najua wengi wanaosoma hapa wamekwishachelewa, mbabe yupo ndani na ameshajigawia kila jiwe. Basi tuendelee na hali hiyo.

Jambo la kwanza nitakalosisitiza linaonekana kama halihusiani na ugomvi: karantini. Mgeni aliyetoka safarini amechoka, amekonda, na amevuta maji yenye amonia, sumu itokanayo na taka za mwili wake, ndani ya mfuko. Mtu wa namna hiyo hapelekwi ulingoni. Wiki nne kwenye tangi dogo la pembeni, akila vizuri na kunenepa, zinampa nguvu ya kukimbia na kustahimili. Zinakupa wewe pia nafasi ya kuona kama amebeba Cryptocaryon irritans, kile kijidudu cha ugonjwa wa madoa meupe. Kuna wanaosema karantini ni usumbufu wa bure. Lakini samaki anayepigwa huishi katika hofu, na hofu hudhoofisha kinga ya mwili; ugomvi na ugonjwa huingia pamoja. Na ugonjwa huo ukishafika kwenye tangi kuu, huwezi kumwaga humo dawa ya shaba, kwa sababu itaua kamba, konokono na matumbawe. Itabidi uwatoe samaki wote, uwatibu kwingine, na tangi likae bila samaki. Wafugaji wengi huliacha hivyo siku 76 ili kijidudu kikose pa kushika. Ukilinganisha na hayo, wiki nne si kitu.

Kuhusu ule mfuko, neno moja. Ndani yake hewa ya kaboni anayoitoa samaki hushusha pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi), na pH ya chini huifanya amonia isiwe na sumu kali. Ukifungua mfuko hewa ile inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu. Kwa hiyo aliyesafiri saa nyingi asiachwe kwenye maji ya mfuko uliofunguliwa huku ukimdondoshea maji mapya kwa saa nzima. Pima mapema chumvi ya maji ya muuzaji, tayarisha maji ya karantini yalingane nayo, sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, kisha mhamishe upesi bila kumwaga maji ya mfuko ndani. Baada ya hapo utapandisha chumvi pole pole hadi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, au kiwango chochote tangi kuu lilicho nacho.

Sasa tufike kwenye sanduku la kuzoeshea, kwa sababu kama nikiruhusiwa kupendekeza kitu kimoja tu, ni hicho. Ni kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kinachoning'inizwa ndani ya tangi kuu. Maji yanapita, harufu inapita, macho yanaonana, ila meno na miiba haifiki. Mgeni anakaa humo siku kadhaa, wiki, hata wiki mbili.

Saa ya kwanza huwa ngumu kutazama. Kangaja mwenyeji huja ubavu mbele, mapezi ya mgongo na tumbo yametanuka mpaka anaonekana mkubwa mara mbili, rangi imekolea. Hupita mbele ya sanduku, hugeuka, hurusha mkia, na unasikia plastiki ikigongwa. Mgeni hujibana upande wa mbali. Wasioijua hali hii hukata tamaa hapo hapo, kumbe kila pigo lililoishia kwenye plastiki ni jeraha ambalo mgeni hakulipata. Keshoyake mapigo hupungua. Baadaye mwenyeji huja, hutanua mapezi kidogo, kisha huenda zake kuchungulia jiwe. Hajampenda mgeni, ila amechoka kumfukuza asiyefukuzika, na polepole anaanza kumhesabu kama sehemu ya mandhari.

Nitajuaje kwamba wakati umefika? Siangalii kalenda, naangalia chakula. Nabandika kipande cha mwani mkavu kwenye ukuta wa sanduku, kwa nje, na kingine ndani mkabala nacho. Mwenyeji akiacha kula ili aligonge sanduku, bado. Akila huku mgeni naye anakula upande wa pili, wametenganishwa na unene wa plastiki tu na hakuna anayejali, hapo naanza kufikiria kufungua mlango. Mgeni naye lazima awe anakula kwa pupa. Anayekataa chakula ndani ya sanduku, ambako hakuna wa kumgusa, hatakula nje ambako yupo. Na kama mgeni ni wa jenasi ya Halichoeres, wale wanaojifukia mchangani wakitaka kulala, mwekee kibakuli cha mchanga ndani ya sanduku. Bila mchanga usiku wake utakuwa wa mateso.

Mbinu nyingine zipo na nazitumia, ila naziweka chini ya sanduku. Kupanga mawe upya huvuruga mipaka, na kila mmoja huanza kutafuta makao upya. Kwenye tangi dogo lenye mawe machache inafanya kazi, kwenye tangi lenye matumbawe yaliyokwisha kuota ni uharibifu mkubwa kwa faida ya siku moja. Kioo cha kujitazama kikiegemezwa ubavuni mwa tangi kinaweza kumshughulisha kangaja akapigana na sura yake, jambo linalompa mgeni nafasi ya kupumua. Kitoe baada ya muda, usimwache anajichosha siku nzima. Kuingiza wageni wawili au watatu kwa pamoja hugawanya kipigo, mradi wote wamepita karantini na kichujio kinaweza kubeba mzigo huo wa ghafla. Kuzima taa na kuwashibisha wenyeji kabla ya kufungua sanduku, hilo fanya kila mara, halina gharama.

Kuna moja zaidi ambayo watu huikwepa kwa sababu wanamwonea huruma wanayempenda: mfunge mbabe badala ya mgeni. Mkamate, mtie yeye kwenye sanduku, na mwache mgeni azunguke tangi, ajue mapango, ajue njia za kukimbilia. Mbabe akitoka anakuta mambo yamebadilika, naye ndiye anayejitafutia nafasi. Kwa damseli na kwa samaki wadogo wakali wa jenasi ya Pseudochromis, hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote. Shida ni kumkamata. Mtego wa chakula na subira utafaa kuliko kubomoa mawe kwa wavu mkononi.

Siku ya kufungua, kaa karibu. Chagua siku ambayo huna safari wala kazi inayokuita. Kufukuzana kutakuwepo na kusikutishe: mwenyeji anakimbiza hatua kidogo, anarudi kwake, mgeni anajificha kisha anatoka tena. Hilo litatulia. Kinachopaswa kukuinua kitini ni mwenyeji anayemfuata mgeni hadi mafichoni na kumngojea nje, mapezi yanayochanika zaidi kila ukitazama, mgeni aliyesimama kona ya juu rangi imempotea na matamvua yanapiga haraka haraka. Ukiona hayo usisubiri asubuhi. Mrudishe sandukuni usiku huo huo. Ndiyo maana sanduku halitolewi tangini siku ya kwanza. Na funika tangi kwa wavu. Samaki aliyebanwa huruka, na wengine kama yule mdogo mwembamba Nemateleotris magnifica huruka hata kwa kushtuliwa na taa.

Yote haya yana ukomo wake. Kangaja wa Bahari ya Shamu, Acanthurus sohal, hufika sentimita 40 na hulinda eneo kubwa kuliko tangi lote la wafugaji wengi. Huyo hakosi mafunzo, amekosa nafasi, na sanduku halitengenezi nafasi. Kwenye tangi la namna hiyo jibu sahihi huwa ni kutomleta mgeni kabisa. Nalisema hili nikijua linavyouma unapokuwa umemwona samaki mzuri na una pesa mkononi. Lakini samaki wengi wa maji ya chumvi tunaowanunua wametolewa mwambani wakiwa hai. Wanaozalishwa kwa wingi chini ya uangalizi wa binadamu ni wachache, samaki wa anemoni wakiwa mbele. Kangaja wa manjano alifanikiwa kukuzwa kutoka yai kwa mara ya kwanza mwaka 2015 huko Hawaii, baada ya miaka mingi ya utafiti. Kwa hiyo mgeni anayekufa kwa kipigo wiki ya kwanza ameondolewa baharini bure, na nafasi yake mbele ya muuzaji itajazwa na mwingine kutoka mwamba ule ule.

Ikishindikana kabisa, mmoja lazima ahame, na mara nyingi nashauri ahame mbabe kwenda kwenye tangi kubwa zaidi. Kumwachia baharini si njia. Pterois, samaki wenye miiba ya sumu kutoka Bahari ya Hindi na Pasifiki, walionekana pwani ya Florida mwaka 1985, na inaaminika chanzo ni matangi ya watu; leo wameenea Karibiani nzima wakila samaki wachanga wa huko, na hakuna aliyeweza kuwaondoa. Mtafutie mfugaji mwenye nafasi, au zungumza na aliyekuuzia. Tena mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kulipa: muulize, huyu ninayemchukua akishindwa kukaa na wenzake, utampokea? Akisita kujibu, mwache samaki alipo mpaka umpate mtu mwingine atakayekubali kumchukua.