Kiwanja cha Tanga kisimezwe na pakingi

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, tuseme kipo Chumbageni. Mwenye mali anataka ghorofa lenye apatimenti 8, na kila apatimenti iwe na pakingi 2 "ili soko lisisumbue". Gari moja linalala kwenye mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Wengi huzidisha hapo hapo kwa 16, wakapata 200, wakaona mambo ni mepesi.

Sivyo. Gari linatakiwa liingie, ligeuke na litoke. Ukipanga safu mbili zinazotazamana, katikati lazima uache njia ya mita 6, la sivyo anayerudi nyuma atamkwangua mwenzake kila asubuhi. Sasa jumlisha: 5 na 6 na 5 ni mita 16 za kina, na magari 8 kwa safu ni mita 20 za upana. Hizo ni mita za mraba 320, zaidi ya nusu ya kiwanja, na geti bado halijapewa nafasi yake. Zilizobaki 280 ndizo zibebe jengo, nafasi ya kuachiana na jirani, karo la majitaka, tangi la maji, kamba za nguo na mahali pa watoto kucheza. Punguza ziwe pakingi 4 tu, katika safu moja: upana mita 10, kina mita 11, jumla 110. Umeokoa mita za mraba 210.

Ndiyo maana nasema kibali cha ujenzi hapa Tanga kiwe na kikomo cha juu cha pakingi. Kwa maeneo yaliyo karibu na njia za daladala, pakingi 1 kwa kila apatimenti 2 inatosha. Mexico City, jiji lenye magari mengi kuliko sisi mara nyingi, mwaka 2017 lilifuta kiwango cha chini cha lazima na kuweka kikomo cha juu badala yake. Sisi tunaoishi na baiskeli, bajaji na bodaboda tunaogopa nini? Tazama Ngamiani, kwenye mitaa yake inayoitwa kwa namba. Nyumba zimekaribiana, baraza zinatazama barabara, duka liko hatua chache, na maisha yanakwenda bila kila nyumba kuwa na uwanja wa magari.

Maji ndiyo yanayonikera zaidi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1. Mvua ya masika ya milimita 50 ikinyesha juu ya zege la mita 320, ni lita 16,000, na karibu zote zinakimbilia mtaroni, kisha kwa jirani wa bondeni. Mchanga wenye nyasi na mwembe mmoja ungekunywa sehemu kubwa ya maji hayo, tena ungetupa kivuli.

Halafu kuna karo. Kiwanja kikibanwa, fundi hulificha chini ya pakingi. Mfuniko uliosukwa kwa ajili ya miguu ya watu unakanyagwa na gari, unapasuka. Siku karo likijaa, gari la kunyonya majitaka linafika, na juu ya mfuniko pameegeshwa gari la mpangaji aliyesafiri.

Nafasi ya gari moja inabeba baiskeli 10. Pinda bomba la chuma lililopakwa zinki, la milimita 50, liwe kama U iliyogeuzwa: sentimita 75 juu ya ardhi, sentimita 30 ndani ya zege. Weka mabomba 5, moja kila baada ya mita 1, baiskeli moja kila upande. Usiyasogeze karibu zaidi, kwa sababu keria na tenga vitagongana. Usiweke vile vyuma vya kubana gurudumu la mbele, vinapinda ringi. Na ezeka paa, maana chumvi ya bahari haina huruma na mnyororo.

Najua hoja ya wanaopinga: magari yatahamia mtaani na kuziba njia ya waenda kwa miguu. Yatahamia kweli, kama mtaani ni bure na hakuna anayesimamia. Kwa hiyo kikomo kiende pamoja na nguzo fupi pembeni mwa njia ya miguu na ada ya kuegesha barabarani. Pakingi nayo ikodishwe kwa mkataba wake, mbali na kodi ya nyumba, ili asiye na gari asimlipie mwenye nalo. Siku ya harusi au msiba magari yatakuwa mengi, lakini siku hiyo hata turubai hufungwa mtaani. Haidai zege la mwaka mzima.

Kitu kimoja tu kisipunguzwe: njia wazi ya mita 4 kwa gari la zimamoto na la majitaka. Mwenye hofu ya kesho atenge ukanda mmoja wa akiba, ashindilie kokoto sentimita 15, juu yake mchanga kidogo na vitofali vyenye matundu, kisha apande nyasi. Magari yakiongezeka, patachorwa mistari. Yasipoongezeka, watoto wanao uwanja wao.