Mapipa Matatu, Mfuko Mmoja

Wiki iliyopita, nikisubiri ndege iliyochelewa katika uwanja mmoja wenye msongamano mkubwa, nilikaa karibu na mapipa matatu yaliyopangwa kwa rangi: la karatasi, la plastiki, na la taka nyinginezo. Juu yake palitundikwa bango kubwa lililowasihi abiria waitunze dunia. Mama mmoja alisimama hapo na wanawe wawili, akawaeleza kwa subira kipi kinaingia wapi, nao wakatii. Haikupita robo saa akaja mfanyakazi wa usafi akisukuma mkokoteni wenye mfuko mmoja mweusi, akayamwaga mapipa yote matatu humo, akaenda zake. Simlaumu hata kidogo, kwa maana mkokoteni aliopewa haukuwa na nafasi ya mfuko wa pili. Ninawalaumu waliomkabidhi mkokoteni ule, kisha wakalipia bango.

Nimechoka kuambiwa kwamba tatizo la taka viwanjani ni abiria kukosa elimu. Abiria ana pasipoti mkononi, mtoto mgongoni na dakika chache kabla ya mlango kufungwa. Chupa yake itaishia wapi ni jambo linaloamuliwa na mpangilio wa jengo, na mpangilio huo hakuulizwa.

Tazameni safari ya chupa ya maji. Mwaka 2006, baada ya kugunduliwa Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, viwanja vingi duniani vilianza kuzuia chombo chochote chenye majimaji yanayozidi mililita 100 kupita kwenye ukaguzi. Usalama kwanza, hilo sibishani nalo. Lakini sharti hilo linazuia maji, halizuii chupa tupu, na hapo ndipo uzembe unapoanza. Pasipo mahali pa kumwaga maji, abiria huitupa chupa ikiwa imejaa nusu. Kifuniko kinalegea, maji yanavuja, karatasi zilizomo zinalowa na kuchanganyika na mabaki ya chakula, na karatasi ya namna hiyo hakuna kiwanda kinachoitaka. Mfuko unakuwa mzito, na kwa kuwa uzolewaji wa taka mara nyingi hulipiwa kwa uzito, uwanja unatoa fedha ili maji yasafirishwe hadi dampo. Kisha abiria yuleyule, akishavuka ukaguzi akiwa na kiu ileile, ananunua chupa nyingine.

Dawa yake haihitaji teknolojia mpya. Liwekwe karai la kumwagia maji kabla ya foleni ya ukaguzi, na baada ya ukaguzi liwepo bomba la maji safi ya kunywa, mahali ambapo mtu analiona bila kuuliza, si kwenye kona ya nyuma ya vyoo. Na uwanja utumie mamlaka ulio nayo juu ya wapangaji wake. Agosti 2019, uwanja wa ndege wa kimataifa wa San Francisco ulipiga marufuku maduka yake kuuza maji katika chupa za plastiki za kutumia mara moja, na abiria wakaendelea kusafiri. Vikombe vya kahawa navyo vingeweza kufuata njia hiyohiyo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si taka zote zinazoweza kuokolewa. Mabaki ya chakula kutoka ndege za kimataifa katika nchi nyingi hulazimika kuteketezwa au kufukiwa, na sababu yake ni nzito: mwaka 1957 homa ya nguruwe ya Afrika iliingia Ureno, na chanzo kinachotajwa ni mabaki ya ndegeni waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa Lisbon. Hata hivyo sheria za kuzuia magonjwa ya mifugo zililenga nyama na mazao ya wanyama. Magazeti na makopo yakirundikwa pamoja na mabaki hayo, nayo huishia kwenye tanuri, ilhali Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga, IATA, lilikadiria taka za ndani ya ndege kufikia tani milioni 5.2 kwa mwaka 2016. Tena karatasi ambayo wale watoto waliitia pipani haikushuka kutoka ndege yoyote, kwa hiyo kisingizio hicho hakiwezi kuitetea safari yake ya kuelekea dampo.

Ninachowaomba wasimamizi wa viwanja ni kwamba, kabla ya kuchapisha bango jingine, wausome upya mkataba wao na kampuni ya usafi. Waangalie kama unataja mkokoteni wenye mifuko mitatu, kama unampa mfanyakazi muda wa kuitenganisha, na kama kuna mtu anayepima uzito wa kila mfuko unapotoka langoni. Matokeo ya vipimo hivyo wayabandike palepale juu ya mapipa, kila mwezi, abiria wayasome.