Mondo aliyeoshwa: Il Gattopardo katika jumba la zamani la sinema

Nimeitazama Il Gattopardo, filamu ya mwongozaji wa Kiitaliano Luchino Visconti, mara mbili katika jumba lilelile la zamani, lenye roshani na viti vya mahameli vilivyochakaa. Mara ya kwanza ilikuwa nakala ya mkanda, rangi zake zimekwenda hadi kila uso ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyeinamia tanuri. Mara ya pili ilikuwa ile iliyorekebishwa kwa kompyuta na kuzinduliwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2010. Wapenzi wa sinema wamegawanyika juu yake: tunachooneshwa sasa ni kazi ya Visconti, au ni kazi ya mafundi wa kompyuta?

(Gattopardo kwa Kiitaliano ni yule paka wa porini tunayemwita mondo. Waingereza waliandika chui, na wengi wakawafuata.)

Wanaotetea mkanda nawaelewa. Mkanda hupita mbele ya taa kwa picha 24 kila sekunde, na kati ya picha na picha projekta huuziba mwanga. Kwa hiyo mtazamaji huketi gizani kwa karibu nusu ya onyesho bila kujua, na mwanga unapumua mbele yake. Projekta ya dijitali haipumui hivyo. Kisha kuna zile chembechembe za mkanda ambazo ndizo mwili wenyewe wa picha. Fundi anayependa usafi kupita kiasi huzifuta, na ngozi ya mwigizaji hubaki kama nta. Nimeona filamu zilizoharibiwa namna hiyo, na inauma, kwa sababu nakala mbaya ikishaenea ndiyo vijana watakayoijua. Maabara za urekebishaji zimelaumiwa pia kwa kuzitia filamu nyingi umanjano, kana kwamba miaka ya sitini ilikuwa jioni tupu.

Lakini watetezi wa mkanda wanaponiambia nakala yao ndiyo ya asili, nauliza: asili ipi? Rangi za mikanda mingi ya enzi ile hufifia bila kuguswa na mtu. Buluu hutangulia kupotea, wekundu hubaki. Nakala niliyoiona mara ya kwanza haikuwa ile iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 1963. Tena mwaka huohuo kampuni ya Fox iliikata hadi dakika 161 kwa soko la Marekani, ikaibandika sauti za Kiingereza, na Visconti akaikana. Toleo la Kiitaliano lililorekebishwa lina dakika 185. Mkanda nao ulikuwa na wakataji wake.

Na filamu hii ilipigwa kwa Technirama. Mkanda wa milimita 35 ulipita kwenye kamera kwa kulala, kila picha ikichukua matundu manane ya pembeni badala ya manne, hivyo negativu, yaani mkanda wa kwanza uliotoka kwenye kamera, ikabeba picha kubwa maradufu. Mafundi waliisoma negativu hiyo kwa 8K, yaani nukta kama elfu nane kwa upana wa picha, wakaimaliza kazi kwa 4K, nusu ya hizo. Hapo ndipo mizani yangu ilipoinama, na nitaeleza kwa onyesho moja tu.

Ni mwaka 1860, Garibaldi, jenerali aliyepigania kuiunganisha Italia, ameshaingia Sisilia. Mtawala wa Salina, mhusika mkuu, na familia yake wamesafiri kutwa na kufika Donnafugata, kwenye makazi yao ya kiangazi, wakaingia moja kwa moja kanisani. Wanaketi kwenye viti vya heshima, na kamera inapita polepole mbele ya nyuso zao zilizojaa vumbi la njiani, kimya, kama safu ya maiti. Tabaka zima linazikwa pale likiwa bado limeketi. Kwenye nakala ya zamani sikuliona vumbi hilo. Kulikuwa na uchafu wa mkanda, mikwaruzo, madoa, na vyote vilichanganyika. Vumbi la makumi ya miaka lilipoondolewa, vumbi la Visconti likaonekana: juu ya nyusi, kwenye mikunjo ya shingo. Vivyo hivyo kwenye dansi ya Palazzo Gangi, ambayo huchukua robo nzima ya filamu. Sasa naliona jasho kwenye paji la uso la Burt Lancaster, anayemwigiza mtawala, na sihitaji kuambiwa kwamba mtu huyu anakufa.

Hata hivyo sitamkabidhi fundi funguo zote. Visconti alifariki mwaka 1976. Hakuna wa kumuuliza. Na hata shahidi aliyekuwepo anaweza kubadili nia. Vittorio Storaro, aliyepiga picha za filamu ya L'ultimo imperatore ya mwaka 1987, baadaye aliidhinisha toleo la nyumbani lililopunguzwa upana wa picha, kwa sababu alikuwa na wazo jipya kuhusu vipimo. Kilichokatwa pembeni ni sehemu ya filamu niliyoipenda.

Fedha nazo zinaamua. Urekebishaji wa Il Gattopardo ulipata msaada wa Gucci, kampuni ya mavazi ya kifahari, na kazi yenye mavazi yaliyobuniwa na Piero Tosi haikukosa mfadhili wa mitindo. Maabara ya Bologna iliyoirekebisha filamu hii iliirekebisha pia Touki Bouki, filamu ya Senegali, mwaka 2008, jambo ninaloliheshimu sana, lakini filamu za namna hiyo bado husubiri foleni ndefu kuliko za Visconti.

Sasa jumba lenyewe. Lile nililokwenda lina projekta ya dijitali, na zile mbili za mkanda zimefunikwa turubai. Naomba zisiuzwe kama vyuma chakavu. Nakala mpya ya mkanda inaweza kuchapwa kutoka kwenye kazi iliyorekebishwa, ikaoneshwa wiki moja, na ya dijitali wiki inayofuata. Lakini lazima awepo mtu kule juu kwenye chumba cha projekta anayejua kuvizia lile doa la duara kwenye kona ya juu kulia ya picha na kuwasha mashine ya pili kabla gombo halijaisha. Fundi wa jumba lile anastaafu, na hajapewa mwanafunzi.