Utofauti wa shayiri: tupime kwa macho au kwa vinasaba?

Joto la Dar es Salaam haliruhusu mtu kulima shayiri. Zao hili linapenda baridi ya Kilimanjaro Magharibi, Monduli na Karatu. Lakini kiwanda kikubwa cha bia kiko hapa Ilala, na wataalamu wa vinasaba wako Chuo Kikuu, Mlimani, na kwenye kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mikocheni. Ndiyo maana ubishi wa namna ya kupima utofauti wa aina za shayiri unatufikia hata sisi tusiowahi kuliona suke lake likiwa shambani.

Upande mmoja unapima umbo: urefu wa mmea, siku za kuchanua, idadi ya machipukizi, rangi ya punje, suke lenye safu mbili za punje au safu sita. Upande wa pili unatoa DNA kwenye jani na kulinganisha alama zake, yaani sehemu ndogo za DNA ambazo hutofautiana kati ya mmea na mmea.

Wa vinasaba wana hoja nzito. Urefu hufuata mvua na mbolea, kwa hiyo aina ileile huonekana nyingine mwaka wa ukame. DNA haina tabia hiyo. Jani lililokaushwa vizuri, likatiwa bahasha na kupakiwa basi la Arusha, likishuka Mbezi majibu yake ni yaleyale. Tena aina za kisasa za kimea (punje zilizooteshwa za kutengenezea bia) zimetokana na wazazi wachache, na kwa macho zinakaribia kufanana kabisa.

Shida ni kwamba jenomu ya shayiri, yaani DNA yake yote, ina herufi zipatazo bilioni 5, kuliko bilioni 3 za binadamu, na sehemu kubwa ni mfuatano unaojirudia tu. Alama zinazopimwa mara nyingi haziamui chochote kwenye mmea. Ndiyo sababu makundi yanayopatikana kwa alama hayalingani na yale ya umbo, na hapo watu huanza kutafuta nani kakosea. Kwa maoni yangu hakuna aliyekosea. Alama zinaeleza undugu. Umbo linaeleza kilichochaguliwa na wakulima na mazingira. Safu mbili au sita, kwa mfano, hutegemea hasa jeni moja, Vrs1, iliyotambuliwa mwaka 2007. Tofauti hiyo inaweza kupotea katikati ya mamia ya alama, ilhali mtengeneza kimea anaijali sana, maana punje za safu mbili hulingana zaidi kwa ukubwa.

Kinachonikera zaidi ni sampuli. Kwa kuwa shayiri hujichavusha yenyewe, na hivyo mimea ya aina moja hutarajiwa kufanana, maabara hujiridhisha na mmea mmoja kwa kila aina. Kwa mbegu iliyoboreshwa, sawa. Mbegu ya kienyeji, hasa za Ethiopia, ni mchanganyiko wa koo nyingi katika gunia moja. Mkulima akipita shambani anaona masuke meusi na meupe yamesimama pamoja. Gharama ya vipimo ndiyo inayopunguza idadi ya mimea inayopimwa, kisha ripoti inaandika kwamba utofauti ni mdogo!

Hiyohiyo Ethiopia inazitia doa njia zote mbili. Kinga ya jeni iitwayo “mlo” dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye majani, ilipatikana kwenye shayiri za kienyeji zilizokusanywa huko miaka ya 1930, na kinga dhidi ya virusi vya udumavu wa manjano ilitoka hukohuko. Rula isingeiona, wala alama zisizogusa jeni husika. Ilionekana mimea ilipokutanishwa na ugonjwa.

Kwetu Tanzania, shayiri ya biashara imejengwa juu ya aina zilizoletwa kutoka nje, kwa hiyo alama zina kazi ya wazi: kuonyesha kama aina mbili zenye majina tofauti ni kitu kimoja. Lakini haziwezi kuchukua nafasi ya shamba. Tangu 2015 nchi ni mwanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, na chini ya utaratibu huo aina mpya hulindwa ikiwa ni ya pekee, mimea yake inalingana, na ni thabiti, mambo yanayohukumiwa hasa mimea ikiwa imesimama. Fedha zikiwa chache, mimi ningezianzia kwenye majaribio ya sehemu mbili na misimu miwili. Zingine zilipie majani ya mimea kadhaa ya kila aina, yaletwe Mikocheni, hata kama idadi ya alama italazimika kupungua.